Shajara ya mradi: Cheti cha umahiri kwa wauguzi wa afya kazini

8 Januari 2024

Tumeanza. Lengo la mradi ni kuandaa rasimu kamili ya utaratibu wa kuwathibitisha wauguzi wa afya kazini: sifa za mwombaji, jedwali la utahini, benki ya maswali, mtihani wa vitendo na masharti ya kuhuisha cheti. Tunataka siku tutakapobisha hodi katika Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania tuwe na andiko la kujadiliwa, si malalamiko. Kikundi chetu ni cha wauguzi wa zahanati za viwandani, mashambani na migodini, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyefika huko kwa mafunzo ya fani hii. Karibu sote tulitoka wodini au vituo vya afya, tukakabidhiwa funguo za zahanati ya kampuni, kabati la dawa na daftari la wagonjwa, kisha tukajifunza kazi tukiwa ndani ya kazi.

Hoja inayotusukuma ni nyepesi kueleza. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inataka wafanyakazi wapimwe afya kabla ya kuanza kazi na mara kwa mara wakiwa kazini, na inamtaja daktari kuwa mwenye dhamana ya upimaji huo. Lakini anayemvisha mfanyakazi vipokea sauti vya kupimia usikivu, anayemwelekeza namna ya kupuliza mashine ya pumzi, anayemuuliza alifanya kazi wapi miaka kumi iliyopita na kuandika majibu yake, mara nyingi ni muuguzi. Leseni ya Baraza inathibitisha kwamba yeye ni muuguzi. Haisemi kama anajua kutofautisha sikio lililozibwa na nta na sikio lililoanza kuharibiwa na kelele, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtu atasafishwa sikio na kurudi kazini, au kama mtambo mzima unahitaji kuchunguzwa.

22 Januari

Wiki hizi tumesoma jinsi wengine walivyofanya. Sikutaka tuanze kuandika chochote kabla ya hatua hii, kwa sababu nchi zilizotutangulia zimepita njia zisizofanana, na kila njia ina gharama yake.

Marekani wanayo bodi inayojitegemea, American Board for Occupational Health Nurses, iliyoanzishwa mwaka 1972, miaka miwili baada ya nchi hiyo kupitisha sheria yake ya usalama na afya kazini. Bodi hiyo haifundishi; inatahini na kuthibitisha tu. Vyeti vyake viwili vikuu ni COHN na COHN-S, na cha pili kinamtaka mwombaji awe na shahada ya kwanza. Mlango unaotumiwa na wengi ni wa uzoefu: saa 3,000 za kazi ya uuguzi wa afya kazini ndani ya miaka mitano iliyopita. Aliyefaulu hukaa na cheti kwa miaka mitano, kisha hukihuisha. Ni jambo la hiari; hakuna anayezuiwa kufanya kazi kwa kukikosa, ila waajiri wamejifunza kukiulizia.

Uingereza walikwenda njia ya daftari la usajili. Tangu mwaka 2004 rejista ya Nursing and Midwifery Council, baraza lao la uuguzi na ukunga, ina sehemu ya tatu, ya wauguzi bingwa wa afya ya jamii, na afya kazini ni mojawapo ya matawi yake. Anayeingia humo anapitia chuo kikuu kwanza. Njia hii inajenga wataalamu walioiva, lakini inahitaji vyuo vyenye kozi hiyo, walimu, na mwajiri aliye tayari kumwachia muuguzi wake muda wa kusoma.

Afrika Kusini ndiyo iliyotugusa zaidi. Sheria yao ya usalama na afya kazini, Na. 85 ya mwaka 1993, inapoeleza mhudumu wa afya kazini ni nani, haiishii kwa daktari; inamhesabu pia mtu mwenye sifa ya afya kazini inayotambuliwa na baraza la uuguzi la nchi hiyo. Muuguzi yumo ndani ya sheria yenyewe. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye nguvu kuliko ubora wa mtihani wowote, kwa sababu mwajiri asiyependa kusikia neno la muuguzi analazimika kulisikia.

Tumekubaliana kwamba andiko letu litachukua sura ya Marekani kwa sasa, yaani uzoefu, mtihani na kuhuisha, huku tukiandika wazi kwamba shabaha ya mbele ni kutambuliwa kisheria. Hatuwezi kusubiri kozi za chuo kikuu zienee ndipo tuanze kuthibitisha watu ambao tayari wanapima mapafu ya wachimbaji.

12 Februari

Uchambuzi wa kazi umeanza. Hii ndiyo hatua ambayo wengi hutamani kuiruka, na tukiiruka tutatunga mtihani wa vitabu. Kila mwanakikundi ameombwa kuorodhesha kazi anazozifanya kweli, si zile zilizoandikwa katika barua yake ya ajira, kisha kuipa kila kazi alama mbili: inafanyika mara ngapi, na ikifanywa vibaya madhara yake ni makubwa kiasi gani.

Orodha zinaporudi, picha inakuwa na uzito wa upande mmoja. Sehemu kubwa ya siku ya muuguzi wa kiwandani inaliwa na matibabu ya kawaida: malaria, tumbo, shinikizo la damu, vidonda vidogo, mtu aliyekuja kuomba ED (ruhusa ya kupumzika kazini) kwa sababu hakulala. Kazi za afya kazini zenyewe zimebanwa pembeni. Wapo walioandika kwamba hawajawahi kuingia katika karakana wanayoihudumia isipokuwa siku ya ajali. Hilo limetushtua, maana muuguzi asiyeiona mashine hawezi kuuliza swali la maana kuhusu maumivu ya mgongo wa anayeiendesha.

Kwa hiyo hatukukubali mzunguko wa kazi peke yake uamue uzito wa mtihani. Kumwagikiwa kemikali jichoni hakutokei kila wiki, lakini muuguzi anayemkimbiza mgonjwa hospitali kabla ya kumwosha jicho kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi amempotezea jicho. Vivyo hivyo kwa mpuliziaji wa dawa za wadudu katika shamba la maua anayefika akitokwa na mate na jasho, mboni zimesinyaa kama tundu la sindano: hilo ni la kutambuliwa hapo hapo, si la kupewa dawa ya tumbo na kurudishwa shambani. Kazi za aina hii zimepewa uzito mkubwa ingawa ni nadra.

4 Machi

Jedwali la utahini limekamilika katika sura yake ya kwanza. Lina maeneo makuu haya: kutambua hatari mahali pa kazi na njia za kuzidhibiti, upimaji wa afya wa kuanza kazi, wa vipindi na wa kuondoka, magonjwa yatokanayo na kazi, dharura, kurejea kazini baada ya ugonjwa au ajali, kumbukumbu na fidia, maadili. Eneo la maadili lilikuwa dogo kuliko yote katika rasimu ya awali. Nimeomba liongezwe karibu mara mbili, na nitaeleza sababu huko mbele, kwa kuwa suala hilo limezua mjadala ambao haujaisha.

Eneo la kumbukumbu na fidia nalo limepanuliwa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, hulipa fidia kwa ajali na pia kwa magonjwa ya kazini. Ajali ina siku, saa na mashahidi. Ugonjwa hauna. Mtu aliyevuta vumbi la silika akitoboa mwamba huenda asionyeshe dalili mpaka miaka kumi au zaidi ipite, na wakati huo ameshahama migodi mitatu na meneja wake wa kwanza hakumbukwi na mtu. Kinachobaki ni faili: alianza lini, alikuwa kitengo gani, picha ya kifua ya kwanza ilisomekaje, mashine ya pumzi ilisema nini mwaka hadi mwaka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali yenyewe ni pafu la mtu. Mtahiniwa ataulizwa jinsi ya kuandika historia ya kazi ya mtu tangu ajira ya kwanza, vibarua na uchimbaji mdogo vikiwemo, kwa sababu ndivyo vinavyosahaulika.

25 Machi

Utungaji wa maswali. Nanakili hapa mfano mmoja kwa urefu, kwa kuwa unaonyesha aina ya mtihani tunaoutafuta.

Swali lililoletwa kwanza liliuliza: je, upotevu wa usikivu unaosababishwa na kelele huanza kuonekana katika masafa gani? Jibu ni karibu na hezi 4,000. Ni kweli, na kila mtahiniwa atalikariri. Lakini halitupi habari yoyote kuhusu atakachofanya mtu akiletewa karatasi ya matokeo asubuhi yenye foleni.

Tumeliandika upya hivi. Fundi wa mashine za kufuma nguo alipimwa alipoajiriwa, na sikio lake la kulia lilisoma desibeli 10 kwenye hezi 2,000, desibeli 15 kwenye 3,000 na desibeli 20 kwenye 4,000. Mwaka huu sikio hilo hilo linasoma 15, 25 na 40. Hana malalamiko yoyote na anasema anasikia vizuri. Ufanye nini kwanza? Vipotoshi tulivyoweka, yaani majibu yasiyo sahihi, si vya kipuuzi: kumwambia aendelee kwa kuwa hana dalili, kumwandikia meneja ahamishwe kitengo leo, kumpa vizibo vipya vya masikio na kumwita mwakani.

Anayejua kazi yake atapiga hesabu. Mabadiliko ni 5, 10 na 20, wastani wake unapita kidogo 11, na kanuni ya Marekani ambayo wengi wetu tunaitumia kama rejea huhesabu wastani wa desibeli 10 au zaidi katika masafa hayo matatu kuwa badiliko la kufuatiliwa. Kisha atamtazama ndani ya sikio kuona kama kuna nta au uambukizo, atauliza kama ametoka zamu ya usiku moja kwa moja, na atapanga kipimo cha marudio ndani ya siku 30 masikio yakiwa yamepumzika. Papo hapo atamtaka avae vizibo vyake mbele yake, maana kizibo kilichoingizwa nusu ni pambo tu. Swali moja limepima hesabu, uchunguzi, subira na ukaguzi wa kinga.

Watungaji wengine wameleta maswali mazuri ya mkonge. Katika chumba cha brashi, ambako nyuzi kavu husuguliwa ili zing'ae, vumbi huwa jingi kuliko kule korona ambako majani huchakatwa yakiwa mabichi. Swali linamtaja mwanamke wa chumba cha brashi anayekuja na kusema, "Sista, kifua hunibana Jumatatu, nikifika Alhamisi nakuwa sawa." Asiyefahamu atafikiri ni uvivu wa mwanzo wa wiki. Anayefahamu vumbi la pamba na nyuzi zinazofanana nayo atajua kwamba kubanwa kifua siku ya kwanza baada ya mapumziko ni dalili ya kuheshimiwa, na atampima pumzi kabla na baada ya zamu ya Jumatatu, si siku nyingine yoyote itakayompendeza daktari wa kampuni.

15 Aprili

Kituo cha vitendo cha kipimo cha pumzi kimejaribiwa na wanakikundi wenyewe. Nimetoka hapo nikiamini zaidi kwamba mtihani wa karatasi peke yake hautoshi.

Mtahiniwa anakuta mashine na bomba la lita 3 mezani. Hatua ya kwanza, ambayo hakuna anayeielekeza, ni kuhakiki mashine: anasukuma hewa ya bomba kwa kasi tofauti na mashine lazima isome kati ya lita 2.91 na 3.09. Asiyefanya hivyo anapoteza alama nyingi, kwa sababu kila namba itakayofuata haina mahali pa kusimama. Kisha anaingia mfanyakazi, na hapo sauti ya muuguzi ndiyo inayofanya kazi. "Vuta, vuta, jaza kifua chote. Sasa puliza kwa nguvu! Endelea, endelea, endelea, bado ipo, endelea!" Mwenzetu wa mgodini alikuwa na sauti iliyomfanya mtu akamue pumzi ya mwisho, mwingine, mpole wa tabia, alinong'ona, na mfanyakazi yule yule akatoa namba za mtu mgonjwa. Kwenye karatasi, mtu mzima huyo angehesabiwa kuwa na mapafu mabovu.

Tunadai mapulizo matatu yanayokubalika, mawili makubwa yasipishane kwa zaidi ya mililita 150. Mtahiniwa lazima pia ajue kukataa: pulizo lenye kikohozi katika sekunde ya kwanza, lililoanza kwa kusitasita au lililovuja pembeni mwa mdomo halihesabiki, hata kama namba yake inavutia.

6 Mei

Leo ni mjadala wa sifa za kujiunga, na ulikuwa mkali. Kundi moja linataka mlango uwe shahada pekee, likisema cheti kisichokuwa na masharti magumu hakitaheshimiwa. Hoja hiyo naielewa. Hata hivyo, zahanati nyingi za mashambani na viwandani zinaendeshwa na wauguzi wa stashahada na wa astashahada, na wengine wana uzoefu wa miaka mingi ambao hakuna mhitimu mpya wa shahada atakayeufikia kwa kusoma. Tukiwafungia nje, cheti kitakuwa cha maofisa wa makao makuu, na mfanyakazi wa chumba cha brashi ataendelea kupimwa na mtu ambaye hakuna aliyemthibitisha.

Nimependekeza ngazi mbili. Ya kwanza ni ya muuguzi mwenye leseni hai na uzoefu wa kazi uliothibitishwa, anayepima, kuhudumia na kutunza kumbukumbu. Ya pili ni ya mwenye shahada, anayeweza pia kupanga programu nzima ya afya kazini, kuchambua takwimu za wafanyakazi wote na kumshauri mwajiri. Wamarekani walishaugawa uwanja kwa namna inayokaribiana na hiyo. Pendekezo limepita, kwa sharti kwamba mtihani wa vitendo uwe mmoja kwa ngazi zote mbili, kwa sababu pafu halijui cheo cha anayelipima.

Kuhusu uthibitisho wa uzoefu, tumekataa barua ya mwajiri peke yake. Mwajiri anaweza kumnyima barua muuguzi aliyemsumbua, na anaweza kumpa barua nzuri yule asiyemsumbua. Mwombaji ataleta jalada la kazi zake: ripoti ya ukaguzi wa karakana aliyoifanya mwenyewe, mfano wa mpango wa kumrejesha mtu kazini, na uchambuzi wa matokeo ya upimaji, vyote vikiwa vimefutwa majina ya wagonjwa.

27 Mei

Sasa maadili, ambayo niliahidi kuyaeleza.

Mwenzetu mmoja ameleta kisa kutoka kiwanda ambacho hatutakitaja. Baada ya upimaji wa mwaka, afisa rasilimali watu alimtaka ampe orodha ya wafanyakazi wote pamoja na magonjwa yaliyoonekana, ili "menejimenti ijipange". Alipokataa aliambiwa kwamba kampuni ndiyo iliyolipia vipimo, hivyo matokeo ni mali ya kampuni. Alikuwa peke yake, hakuwa na waraka wowote wa kuuonyesha, na mkataba wake ulikuwa unakaribia kuisha. Wangapi kati yetu hatujawahi kusimama pale aliposimama?

Majibu yapo, na kila mtahiniwa atapaswa kuyajua kwa vifungu. Mkataba Na. 161 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu huduma za afya kazini, wa mwaka 1985, unasema katika kifungu cha 10 kwamba wanaotoa huduma hizi wawe na uhuru kamili wa kitaaluma mbele ya mwajiri na mbele ya wafanyakazi pia. Kifungu cha 15 kinaeleza kwamba wapewe taarifa za ugonjwa na utoro wa sababu za kiafya ili waone kama kuna uhusiano na kazi, lakini mwajiri asiwatake wathibitishe sababu za mtu kutofika kazini. Tofauti hiyo ni kubwa: muuguzi anachunguza kama karakana inaumiza watu, hachunguzi nani anadanganya. Hapa nyumbani, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Na kanuni za maadili za ICOH, tume ya kimataifa ya afya kazini, zinaelekeza kwamba mwajiri apewe hitimisho la kufaa kwa kazi, si uchunguzi wa ugonjwa.

Kwa hiyo kituo cha pili cha vitendo kitakuwa cha mazungumzo. Mtahini ataigiza meneja: atabembeleza, ataapa kwamba anawatakia mema, kisha atatishia. Mtahiniwa atapewa fomu ya cheti cha kufaa yenye nafasi za kuandika anafaa, anafaa kwa masharti, au hafai kwa sasa, na masharti yenyewe yaandikwe kwa lugha ya kazi: asipande ngazi, asifanye zamu ya usiku, asinyanyue mizigo mizito. Neno kifafa halitaandikwa, wala kisukari, wala virusi vya ukimwi. Anaweza pia kumpa meneja takwimu za jumla, mathalani kwamba mabadiliko ya usikivu yamejikusanya katika kitengo kimoja, lakini ajue kwamba katika kitengo chenye watu wanne takwimu ya jumla haimfichi mtu.

Wapo walioona kituo hiki ni kigumu mno kwa ngazi ya kwanza. Mimi naona kinyume. Kukipunguza ni kumkabidhi muuguzi beji na kumwacha bila kinga siku anapoihitaji. Cheti kinachostahili jina lake ni kile kinachomwezesha kusema, "Hili sitalitoa, na hiki hapa kifungu kinachonizuia," akijua kwamba chombo kilichomthibitisha kitasimama naye.

17 Juni

Alama ya kufaulu. Baadhi walipendekeza asilimia 50 kwa mazoea ya shule. Tumekataa alama ya mazoea na kutumia njia ya Angoff, inayotumiwa na bodi nyingi za kitaaluma. Kila mwamuzi humfikiria muuguzi aliye kwenye kizingiti, anayetosha bila ziada, kisha kwa kila swali hukadiria: katika wauguzi 100 wa aina hiyo, wangapi wangejibu sawasawa? Makadirio ya waamuzi wote hujumlishwa na kutafutwa wastani, na wastani huo ndio alama ya kufaulu.

Zoezi limefunua maswali yaliyokuwa na kasoro. Swali moja la kelele liliwagawanya waamuzi kabisa, na tulipochunguza tukaona kwamba halikutaja kipimo kinachotumika. Kwa mwongozo wa taasisi ya utafiti ya Marekani, NIOSH, kikomo ni desibeli 85 kwa saa nane na kila ongezeko la desibeli 3 hupunguza muda kwa nusu. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 zinaweka desibeli 90 kwa saa nane. Jibu sahihi la upande mmoja ni kosa upande mwingine. Maswali yote yenye viwango yatataja kanuni yake kwa jina na mwaka.

8 Julai

Majaribio ya mtihani kwa wauguzi walio nje ya kikundi yamefanyika, na uchambuzi wa kila swali unaendelea. Tunaangalia mambo mawili: ugumu, yaani sehemu ya watahiniwa waliopata, na uwezo wa swali kutofautisha, yaani kama waliofanya vizuri katika mtihani mzima ndio pia waliolipata. Yapo maswali ambayo wenye alama za juu waliyakosa na wenye alama za chini wakayapata. Hayo yanatolewa bila huruma, hata likiwa swali ambalo mtungaji wake analipenda.

Maswali ya kurejea kazini yameonekana kuwa dhaifu kuliko mengine, na sababu ni kwamba sisi wenyewe hatuna desturi iliyokomaa katika eneo hilo. Mtu akivunjika mkono, kwa kawaida hupewa likizo ya ugonjwa mpaka apone kabisa, au hurudi siku moja akikuta kazi ile ile na mzigo ule ule. Kazi nyepesi yenye muda maalumu, inayoongezwa kidogo kidogo na kukaguliwa kila wiki, bado ni jambo la waajiri wachache. Tutaongeza visa halisi kutoka viwanda vinavyofanya hivyo vizuri kabla ya kutunga maswali mapya.

29 Julai

Masharti ya kuhuisha cheti yamejadiliwa na kupitishwa: muda wa miaka mitano, leseni ya Baraza ikiwa hai wakati wote, mafunzo ya kujiendeleza yaliyo ndani ya fani, na kurudia kituo cha pumzi na cha usikivu kwa vitendo. Sharti la mwisho ndilo lililopingwa kwa gharama zake. Limebaki, kwa hoja kwamba mkono usiopima hupoteza ustadi, na kwamba viwango vyenyewe hubadilika: ukomo wa kuhakiki mashine ya pumzi ulikuwa mpana zaidi kabla ya mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2019, na aliyefundishwa zamani bila kurudi darasani bado anaukubali usomaji ambao leo unakataliwa.

Rasimu inapelekwa kwanza kwa wasomaji watatu: daktari wa afya kazini, mwanasheria wa kazi na kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Huyu wa tatu aliongezwa kwa ombi langu, kwa sababu upimaji wa afya unaweza kutumiwa kuwatoa watu kazini, na nataka fomu yetu isomwe na mtu atakayetafuta mianya ya namna hiyo kwanza. Wakisharudisha maoni, andiko litasafishwa na kuwasilishwa katika Baraza, nakala ikienda kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Hadi hapo, zahanati ya shamba moja la mkonge mkoani Tanga imekubali kuwa kituo cha mazoezi ya vitendo. Inahitaji bomba la lita 3 la kuhakikia mashine na chumba kilicho mbali na korona, kelele za nje zisiingie wakati masikio yanapimwa.